Msafiri wa Kiingereza na Maneno ya Njia ya Uhehe

Ajuaye Kiingereza peke yake huweza kusafiri mbali katika Asia. Huko India, Malaysia na Singapore utawala wa Waingereza uliiacha lugha hiyo ofisini na mahotelini, na mgeni huikuta humo hata leo. Sisi nasi tulitawaliwa na Waingereza hao mpaka 1961. Lakini msafiri wa namna hiyo akishuka Ilula, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, hatafika mbali na Kiingereza chake mbele ya wauza nyanya na vitunguu. Atajibiwa kwa Kiswahili, hata na mama aliyekuwa akiamkiana na jirani yake kwa “kamwene” ya Kihehe. Jambo hili lina asili ya zamani kuliko shule, na kuliko barabara yenyewe.

Mwezi Mei 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London uliondoka Dar es Salaam kutafuta njia ya kwenda Ziwa Nyasa. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho tarehe 28 Juni, na kazi ikamwangukia Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti wa miaka 21, ambaye aliupitisha msafara Uhehe hadi ziwani. Mnyapara wake alikuwa Chuma, Myao, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Kiingereza kilikoma kwa watu wa namna ya Chuma. Kutoka hapo wapagazi waliamriwa kwa Kiswahili, na palipohitajiwa lugha ya wenyeji alitafutwa mkalimani mwingine tena. Wageni wenyewe walilielewa hilo: kitabu cha Edward Steere cha kufundishia Kiswahili kilikwisha kutoka tangu 1870.

Basi wasafiri hao waliporudi kwao na kuandika, maneno yetu ya njiani yaliingia katika vitabu vyao, nasi leo tunavifasiri vitabu hivyo. Hapo ndipo penye mtego, na mkubwa kupita yote ni neno hongo. Katika zama za misafara, hongo ilikuwa malipo ya nguo, shanga au waya ambayo msafara ulimtolea mtawala wa nchi ili upite kwa amani. Ilidaiwa hadharani, ikajadiliwa kwa siku kadhaa pengine, na kila mkuu wa msafara aliitarajia kabla hajaondoka pwani. Leo hongo ni rushwa. Mfasiri akiliacha neno hilo bila maelezo, mwanafunzi wa Iringa atasoma kwamba watawala wa babu zake walikuwa wala rushwa, na mwalimu hatakuwa na la kumjibu. Wapo watakaosema kwamba maneno hubadilika, tuyaache. Sisi hatukubali, maana hapa zinaharibika sifa za watu wasioweza kujitetea. Twaonelea paandikwe “ushuru wa njia”, na hongo itajwe mara moja tu pamoja na maana yake ya kale.

Neno afande halina hatari hiyo. Asili yake ni efendi ya Kituruki, lililoletwa na askari wa Kisudani wa jeshi la Wajerumani. Baadhi ya askari hao walikuwa na Zelewski aliposhindwa na Wahehe huko Lugalo, si mbali na Ilula, tarehe 17 Agosti 1891. Shaushi na ombasha, vyeo vya jeshi lilelile, vimekufa. Afande limebaki, wala halimdanganyi mtu.

Ama mnyapara, lililotoka kwa Wanyamwezi likiwa jina la heshima, limekwisha kupita katika mashamba ya mkonge na magereza. Kwa Chuma tungependa kuandika “mkuu wa msafara”. Huyo wa gerezani tumwachie jina lake.