Kutuliza akili kila siku hata ukiwa na kazi nyingi

Kutuliza akili, ambako wengine hukuita meditesheni, ni kukaa kwa dakika chache ukielekeza mawazo kwenye kitu kimoja, kama vile pumzi yako, na kuyarudisha hapo kila yanapotangatanga. Hakuhitaji vifaa, fedha wala kubadili dini. Lakini mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ng'ombe atauliza: muda huo utatoka wapi?

Tunachoshauri ni kutotafuta muda mpya. Lifunge zoezi hili kwenye kazi ambayo tayari unaifanya kila siku.

Inachukua muda gani kuzoea?

Mwaka 2010 watafiti wa University College London, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliojaribu kuzoea jambo moja jipya, kila mmoja akilifunga kwenye tukio la kila siku kama vile mlo. Kwa kawaida ilichukua takriban siku 66, lakini wengine walihitaji wiki chache na wengine miezi mingi. Kukosa siku moja hakukuharibu mazoea.

Namna ya kuanza

1. Chagua wakati: ukishainjika maji ya chai, baada ya sala ya asubuhi, au kabla ya kushika jembe. Kama husahau, tega kengele ya simu. Hata kitochi kinatosha.
2. Anza na dakika mbili tu. Kaa vizuri, ukifumba macho au ukitazama chini.
3. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Kutoa pumzi taratibu husaidia mapigo ya moyo kupungua. Hesabu pumzi moja hadi kumi, kisha anza tena.
4. Mawazo yakikimbilia deni au ada ya shule, usijilaumu. Yatambue, kisha rudi kwenye pumzi. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe.
5. Ukikosa leo, endelea kesho.

Je, inasaidia watu wenye shida kubwa?

Kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walipata vikao vitano vya mafunzo ya kukabili msongo wa mawazo, yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na kutolewa kwa sauti iliyorekodiwa. Kutuliza akili kulikuwa sehemu ya mafunzo hayo. Miezi mitatu baadaye, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo.

Mambo ya kuzingatia

Zoezi hili halilipi deni wala haliteremshi mvua. Linakusaidia kulikabili tatizo ukiwa na akili iliyotulia.

Kwa baadhi ya watu, kufumba macho huamsha kumbukumbu mbaya. Ikikutokea, fungua macho, kanyaga ardhi kwa nguvu na utaje vitu unavyoviona.

Ukiwa na huzuni isiyoisha kwa zaidi ya wiki mbili, au ukishindwa kulala au kula, nenda zahanati au kituo cha afya. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje: mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo akusindikize.