Kit Mikayi Haikupangwa na Mtu

Wasee wa Kisumu, tuongee ukweli. Ukifika Kit Mikayi, kule Seme kwa barabara ya Bondo, kila mtu ako na simu juu. Mawe makubwa kama nyumba, yamepandana zaidi ya mita 30. Lazima ujiulize: nani aliyapanga? Kuna nani amezikwa chini?

Hakuna mtu aliyapanga. Hiyo ni granaiti. Iliganda ndani ya ardhi, ikapasuka, maji yakapenya kwa nyufa na kula kingo, kisha mvua ikabeba udongo, mawe yakabaki wazi. Stori ya Mzee Ngeso aliyependa jiwe hadi likaitwa mke wa kwanza ni yetu, na watu bado huenda kuomba pale. Lakini fundi ni hali ya hewa.

Kaburi la kale huwa pole zaidi. Hyrax Hill, karibu na Nakuru, Mary Leakey alichimba marundo ya chini ya mawe mwaka wa 1937. Ungeyapita tu. Chini yake walikuwa watu, na wanawake wamezikwa na vyombo vya mawe. Kule Lothagam, karibu na Ziwa Turkana, watafiti walitangaza mwaka wa 2018 makaburi ya wafugaji wa miaka kama 5,000 iliyopita. Wanakadiria watu wasiopungua 580, wote chini ya jukwaa moja la mawe.

Sasa utajuaje? Hauhitaji digrii, mimi mwenyewe niliacha chuo. Angalia saizi: mawe ya kaburi ni yale watu wanaweza kubeba. Angalia aina: jiwe ambalo halipatikani hapo karibu lilibebwa na mtu. Angalia mpangilio: duara safi pembeni si kazi ya mvua. Kwa mwamba wa asili, ufa wa jiwe moja mara nyingi unaendelea kwa jirani yake.

Lakini usikimbie kusema kaburi. Mkulima akisafisha shamba hutupa mawe pembeni, na hilo pia ni rundo. Halafu kuna kuta. Thimlich Ohinga, kule Migori, ilijengwa karne ya 16 kwa mawe matupu bila simiti, na UNESCO iliiorodhesha 2018. Ukuta kama huo ukianguka, unageuka rundo.

Jibu la mwisho liko chini, na ukichimba mwenyewe umeliharibu. Piga picha, weka alama mahali, ambia Makavazi ya Kisumu. Sheria ya 2006 inalinda vitu kama hivyo, hata vikiwa kwa shamba la babako.

Tunalinda jiwe ambalo hakuna mtu anaweza kuliiba. Rundo la kufika magoti, lenye pengine babu wa mtu ndani, linaisha na lori moja la mawe ya msingi.