Timau na Majina ya Maji Yake



Katika mkutano mkuu uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jibu. Kijana mmoja, mzaliwa wa papa hapa Timau, alisimama akauliza: kabla ya mashamba ya ngano, hapa palikuwa na nini? Mzee mmoja akajibu, "Palikuwa petu." Mwingine akasema, "Palikuwa pori." Maneno yakazidi, na mwenyekiti akaona heri kuufunga mkutano. Baadaye halmashauri iliniagiza mimi karani niandike machache juu ya jambo hilo katika taarifa hii. Nimeyaandika kwa unyenyekevu, nikijua kwamba wako watakaonikasirikia.

Mgeni atokaye Nanyuki kwa barabara ya Meru huliacha lango la Sirimon mkono wa kuume, na baada ya safari ya kilomita 20 hivi hufika kwetu. Mahali petu pamepanda zaidi ya futi 7,000, ubavuni mwa kaskazini mwa Mlima Kenya. Huona soko, maduka, malori ya viazi, ngano na shayiri, na nyumba za plastiki za kuoteshea maua, akadhani ya kwamba ameiona Timau yote.

Na ayasikilize majina ya maji. Chini yetu pana msitu na mto uitwao Ngare Ndare, na mbele yake Ngare Sergoi. "Ngare" ni neno la Kimasai, maana yake maji. Na Ngare Ndare ni maji ya mbuzi na kondoo. Mtu hakipi kijito jina la namna hiyo kwa kupita njia tu. Hulipa kwa kunywesha mifugo yake hapo siku nyingi, baba na mwana. Hata mlima wenyewe una majina zaidi ya moja: sisi Wameru twauita Kirimaara, kwa ajili ya weupe ule wa juu, nao Wamasai huuita Ol Donyo Keri, yaani mlima wa mistari. Watu wawili waliutazama kutoka pande mbili, na kila mmoja akasema alichokiona.

Wala Wamasai hawakuwa wa kwanza. Katika miamba ya Mukogodo, kaskazini-magharibi kwetu, walikaa Wayaaku, wawindaji na wafuga nyuki walioishi mapangoni. Lugha yao ilikuwa mbali kabisa na Kimeru na Kimasai. Katika karne ya ishirini waliiacha kidogo kidogo wakashika Kimasai, kwa sababu asiyekuwa na ng'ombe alidharauliwa. Na kabla yao wote, katika nchi ya Lewa yameonekana mashoka ya mawe ya watu wa kale sana, ambao hakuna ajuaye walijiita nani.

Sasa nije kwenye jambo zito. Wenye mifugo hawakuondoka Laikipia kwa hiari. Mwaka 1904 Serikali ya Kiingereza iliandikiana mkataba na Wamasai kwamba Laikipia itakuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani. Haikupita miaka saba wakaambiwa wahame tena waende kusini, kwa mkataba mwingine wa mwaka 1911. Kiongozi wao wa kaskazini, ole Gilisho, ambaye Wazungu walimwita Legalishu, alipinga. Na mwaka 1913 shauri likapelekwa mahakamani. Mahakama ilijibu kwamba mkataba ule ulikuwa kama mapatano ya dola mbili, kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kuuamua. Naomba wasomaji walipime jibu hilo. Walihesabiwa kuwa dola siku ya kudai haki, lakini siku ya kuhamishwa hawakuhesabiwa hivyo.

Walipotoka wao wakaingia masetla, hasa baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Boma la Meru lilikuwa limekwisha kujengwa tangu 1908 na Bwana Horne, ambaye wazee walimwita Kangangi, lakini mashamba ya Timau yaliwekwa nje ya riziva ya Wameru. Baba zetu waliingia humu kwa mlango wa kazi, kipande shingoni. Kwa sheria ya mwaka 1918, aliyeruhusiwa kulima na kufuga kidogo katika shamba la setla ilimpasa kumfanyia kazi siku 180 kila mwaka. Mzee wa kwanza aliyenisimulia habari hizo hakulalamika sana juu ya siku zenyewe. Alilalamika kwamba ng'ombe wake walihesabiwa kila mara na mtu mwingine.

Vita vya msituni vilipokuja, mlima huu ulificha wengi. Musa Mwariama alikaa humo hata siku za uhuru, Desemba 1963, ndipo akatoka kumlaki Mzee Kenyatta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo mashamba ya nyanda za juu yalipofunguliwa kwa Waafrika, na jamaa kutoka Imenti, Tigania na hata Nyeri wakaja na akiba zao. Basi mzee aliyesema "petu" alisema kweli kwa hati ya shamba lake. Lakini hawezi kuisema kweli hiyo kwa miaka mia mbili.

Mambo haya twaweza kuyaona kwa macho. Mwaka 2013 msitu wa Ngare Ndare pamoja na Lewa viliunganishwa na Mlima Kenya katika urithi wa dunia unaotambuliwa na UNESCO. Tangu 2011 ndovu washukao mlimani hupita chini ya barabara yetu kuu, katika njia waliyojengewa. Na mapito yao ni ya zamani kuliko hati ya mtu yeyote. Mwaka huu nilikwenda msituni na vijana kumi na wawili wa chama. Tulipita juu ya daraja la kamba lililo kati ya vilele vya miti, urefu wake mita 450, nami karani nilishika kamba kwa mikono miwili. Tisa kati yao hawakuwa wamefika huko kamwe, ingawa wamezaliwa mwendo mfupi kutoka hapo.

Halmashauri imekubali kufungua daftari la majina ya mito, vijito na chemchemi zote kuanzia Sirimon hata Kibirichia, kabla wayajuao hawajatutoka. Daftari liko ofisini, nami nipo kila Jumamosi asubuhi. Aletaye jina na alete pia maana yake kama anaijua, lugha yake, na habari za aliyemwambia. Jina la Kimasai au la Kiyaaku litaandikwa kwa wino ule ule.