Injera, Collins

Mchezaji wa zamani wa Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba. Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1986, akacheza nafasi ya winga.

Msomaji wa Mbinga au Mbamba Bay aliyekulia kwenye soka atamwelewa Injera vizuri akianza na uwanja. Raga ya saba huchezwa kwenye uwanja uleule wa raga ya watu kumi na watano kila upande, kwa vipindi viwili vya dakika saba. Mpira hupasiwa nyuma au kando, kamwe si mbele. Nafasi ni kubwa na wakabaji ni wachache, kwa hiyo winga akipata upenyo pembeni, mwenye kumkimbiza ana kazi. Akiugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari, ni trai: pointi tano.

Injera aliingia Shujaa mwaka 2006. Msimu wa 2008/09 alifunga trai 42, akaongoza wafungaji wote wa Msururu wa Dunia wa raga ya saba. Mwaka 2009, mjini Dubai, Kenya iliitoa Fiji 26–7 katika robo fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba, kisha ikatolewa na Argentina.

Siku kubwa kuliko zote ilikuwa Aprili 2016, Singapore. Chini ya kocha Benjamin Ayimba, Kenya iliichapa Fiji 30–7 katika fainali na kutwaa taji lake la kwanza la msururu; Injera alikuwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Mwezi uliofuata, London, aliipita rekodi ya trai 230 ya Santiago Gómez Cora wa Argentina. Dan Norton wa Uingereza alimpita mwaka 2017, lakini hilo halipunguzi uzito wa kazi ya Injera. Norton alitoka taifa tajiri kwa raga. Wenzake Injera, kinyume chake, walidai malipo yao hadharani, na mwaka 2018, Paris, wachezaji wa Shujaa walifunika nembo ya mdhamini kwenye jezi.

Injera alicheza Olimpiki za Rio na Tokyo, na kumaliza na trai 279 za msururu.

Raga ilikuwa ya nyumbani kwao. Kaka yake, Humphrey Kayange, aliwahi kuwa nahodha wa Shujaa na walikuwa pamoja Rio; mwaka 2021 Kayange alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Ndugu yao Michael Agevi naye aliichezea Kenya.