Ugonjwa Nyemelezi Si Jina Jingine la UKIMWI

Katika kliniki za tiba na matunzo nchini Tanzania, istilahi "magonjwa nyemelezi" haina ugeni. Wauguzi wanaitumia, wagonjwa wanaitumia, vipeperushi vimeiandika. Kwa kuwa imeenea kupitia mapambano dhidi ya VVU, wengi wetu tumeifanya kuwa msamiati wa UKIMWI peke yake. Matokeo yake tunayaona wodini: daktari akisema kwamba mgonjwa wa kisukari au wa saratani amepata ugonjwa nyemelezi, ndugu hutazamana, na minong'ono huanza. Minong'ono hiyo haimsaidii mgonjwa yeyote, awe na VVU au asiwe navyo. Istilahi hii ni pana kuliko tunavyoitumia, na inafaa tuirudishie upana wake.

Kunyemelea ni kumwendea mtu au mnyama kwa kunyata, taratibu, bila kuonekana, hadi upate nafasi ya kumrukia. Kutoka kitenzi hicho tukapata nyemelezi, kama vile peleleza ilivyozaa pelelezi. Lugha kadhaa za Ulaya zimejenga jina la magonjwa haya juu ya neno lenye maana ya fursa. Nasi tungeweza kusema "magonjwa ya fursa", na msikilizaji angefikiria biashara. Nyemelezi imebeba subira ya mwindaji na udhaifu wa windo kwa mpigo mmoja, na sijaona istilahi ya tiba iliyotungwa vizuri kuishinda.

Kuna jambo moja tu ambalo jina hilo halilisemi. Mnyemeleaji hutoka aliko akamfuata windo, ilhali vimelea hivi kwa kawaida havimfuati mtu. Viko udongoni, majini, kwenye mboji na kinyesi cha ndege, na vingine vimo ndani ya miili yetu tangu utotoni. Mtu mwenye kinga timamu huishi navyo miaka yote bila kuugua. Kinachobadilika ni kinga.

Chukua kriptokokasi, fangasi anayesababisha homa ya uti wa mgongo. Miaka ya 1950 mtafiti wa Marekani, Chester Emmons, alimpata kwenye udongo, kisha kwenye kinyesi cha njiwa. Njiwa mwenyewe haugui, maana joto la mwili wake ni kama nyuzi 41 au 42, na fangasi huyu hastawi vizuri kwenye joto hilo. Kinyesi kikikauka na kuwa vumbi, mtu huvuta chembe zake ndogo hadi mapafuni. Wengi wetu tumeshazivuta. Kinga huzidhibiti pale pale, na mtu hajui kama kuna kilichotokea. Lakini chembe za kinga ziitwazo CD4 zikishuka sana, hasa chini ya 100, fangasi hutoka mapafuni, huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Kichwa huanza kuuma, wiki moja, wiki mbili, dawa za maumivu hazisaidii, kisha macho huona vitu viwili viwili na fahamu hupotea. Makadirio ya mwaka 2020 yanaonyesha kwamba homa hii huua watu wapatao 112,000 duniani kila mwaka miongoni mwa wanaoishi na VVU, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara.

Vifo hivyo vinazuilika, na ndiyo maana vinauma. Kipimo cha tone la damu hugundua fangasi huyu kabla kichwa hakijaanza kuuma. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuwapima watu wenye CD4 chini ya 200 wanapoanza dawa, na kuwatembelea nyumbani wiki za mwanzo, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Hakuna njiwa aliyechinjwa. Ukiweza kutofagia banda la njiwa wakati kinga yako iko chini, fanya hivyo, lakini kufukuza ndege wote wa mjini hakumwokoi mtu. Kinachookoa ni kupima mapema na kuijenga kinga upya kwa dawa za kufubaza VVU.

Toksoplasma ni habari ya aina nyingine, na hapa Kiswahili kinatupa faida ambayo hatuitumii ipasavyo. Kimelea hiki kilielezwa mwaka 1908 mjini Tunis, kikiwa kimepatikana kwa mnyama mdogo wa jamii ya panya. Kwa paka ndiko kinakokamilisha uzazi wake. Paka akijisaidia, mayai hukomaa udongoni kwa siku moja hadi tano, na katika udongo wenye unyevu huweza kukaa zaidi ya mwaka. Binadamu huyapata kwa mboga zisizooshwa, kwa mikono yenye udongo, au hupata kimelea chenyewe kwa nyama isiyoiva. Kikishaingia hujifungia kwenye misuli na ubongo, kikatulia huko maisha yote. Kwa hiyo maambukizi yanaweza kuwa ya utotoni, na ugonjwa ukaja mtu akiwa na miaka 50. Ndiyo sababu napendelea "magonjwa nyemelezi" kuliko "maambukizi nyemelezi", ambayo nayo imeanza kuandikwa. Maambukizi yalishatokea zamani. Kinachonyemelea ni ugonjwa.

Istilahi ilipata uzito wake wa leo tarehe 5 Juni 1981, taarifa ya afya ya Marekani ilipoeleza habari za vijana watano wa Los Angeles waliopata nimonia ya niumosistisi, ugonjwa ambao hadi wakati huo ulihusishwa na watu waliokwisha dhoofu kinga. Ndiyo ilikuwa taarifa ya kwanza ya tatizo ambalo baadaye liliitwa UKIMWI. Wakati huo niumosistisi alihesabiwa kuwa mdudu wa jamii ya protozoa, na mwaka 1988 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba ni fangasi. Aliyekuwa akiumwa hakuona tofauti. Nyemelezi, kwa kuwa inaeleza mwenendo na si ukoo, haikuhitaji kubadilishwa.

Lakini wako wanaonyemelewa bila VVU, na kwao ndiko uzembe wetu wa lugha unakogharimu. Upo mnyoo mdogo uitwao strongiloidesi. Viluwiluwi vyake hukaa kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, hupita mapafuni na kuishia utumboni. Tofauti na minyoo mingine mingi ya tumbo, huyu huweza kumwambukiza upya mtu yule yule kutoka ndani, bila kutoka nje kwanza. Wanajeshi waliokuwa mateka wakijenga reli ya Thailand na Burma katika Vita Kuu ya Pili walikutwa naye zaidi ya miaka 30 baada ya kurudi kwao. Mtu wa namna hiyo akipewa steroidi kwa ajili ya pumu kali au maumivu ya viungo, kinga hulala, viluwiluwi huongezeka kwa wingi na kusambaa mwilini vikibeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu. Wengi hufa. Dawa ya kumwondoa mnyoo huyo kabla ya steroidi ipo, aivamektini, na si ghali.

India nayo ilipata somo lake mwaka 2021. Katika wimbi la UVIKO-19, wagonjwa zaidi ya 40,000 walipatwa na mukomaikosisi, ugonjwa ambao magazeti yaliuita fangasi mweusi. Fangasi wake huishi kwenye udongo na majani yanayooza. Aliwapata zaidi wenye kisukari kisichodhibitiwa na waliopewa steroidi, akala pua, macho na taya. Waliopandikizwa figo na walio kwenye tiba ya saratani wana hatari za namna hiyo kutoka kwa aspajilasi, fangasi wa mboji, nafaka yenye ukungu na vumbi la ujenzi. Ndiyo maana hospitali makini huziba vumbi linapokarabatiwa jengo karibu na wodi zao.

Basi waandishi wa habari za afya, na walimu wa vyuo vya uuguzi, mnapoeleza magonjwa nyemelezi msiishie kwenye VVU. Tajeni kisukari, steroidi, saratani na figo iliyopandikizwa katika sentensi hiyo hiyo. Nawe msomaji, ukiandikiwa steroidi za muda mrefu, mweleze daktari kama umekulia mahali pa kutembea peku, na uulize kuhusu kupimwa mnyoo huyo. Na kama CD4 zako ziko chini ya 200, usisubiri kichwa kiume: omba kipimo cha kriptokokasi leo.