Kijiji Ndani ya Mji: Funzo la Dodoma

Mpangilio wa mji ni sehemu ya utamaduni wa watu, kama zilivyo lugha, ngoma na mavazi. Mahali zinapowekwa nyumba, shule, soko na kisima pana maana kubwa, kwani hapo ndipo tunapoona jinsi watu wanavyothaminiana. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi taifa letu lilivyojaribu kujenga mji mkuu kwa mfano wa kijiji, na kupima jaribio hilo limetufundisha nini.

Miji tuliyoirithi haikupangwa kwa nia ya kuwakutanisha wakazi wake. Mjini Dar es Salaam, Wajerumani na baada yao Waingereza waligawa maeneo kwa sheria za ujenzi. Kwa maandishi sheria hizo zilihusu aina za majengo. Kwa vitendo ziliwatenga watu kwa rangi zao. Uzunguni palikuwa na bustani na upepo wa bahari, Uhindini pakawa na maduka, na Waafrika wakaelekezwa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1973 matawi ya TANU yaliulizwa kama makao makuu yahamishwe. Matawi 1,017 yaliafiki na 842 yakakataa. Mwezi Oktoba mwaka huo Chama kikaamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi, na kazi hiyo ikatarajiwa kuchukua miaka kumi. Iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana na wengi kama CDA. Mpango mkuu wa mji ulikamilika mwaka 1976.

Mpango huo uliufikiria mji mkuu kuwa ni kijiji kikuu katika taifa la vijiji. Badala ya majumba marefu yaliyosongamana katikati, mji ungekuwa na jumuiya nyingi za makazi, kila moja ikiwa na shule, maduka na huduma zake. Mtoto angekwenda shule kwa miguu. Jumuiya zingeunganishwa kwa njia za mabasi, baiskeli na waendao kwa miguu, na kati yake zingeachwa nafasi za miti na bustani za chakula. Msingi wake ulikuwa shina la nyumba kumi, ambalo wananchi walikwisha kulizoea.

Hata hivyo, mawazo hayo hayakuchipuka yote katika ardhi yetu. Mpango ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mwasisi wake, Macklin Hancock, alikuwa amekwisha kubuni Don Mills, kitongoji kilichoanza kujengwa katika miaka ya 1950 kwa mitaa minne, kila mtaa na shule yake. Nyuma yake yalikuwapo mawazo ya Mwingereza Ebenezer Howard, aliyetoa kitabu chake juu ya miji ya bustani mwaka 1898. Kwa hiyo katika ramani ya Dodoma ujamaa ulikutana na fikra za kigeni. Jambo hilo si aibu, kwani kila utamaduni hupokea na kutoa. Swali la kuuliza ni hili: je, waliokuwa tayari wanaishi mahali pale walipewa nafasi gani?

Nchi ile haikuwa tupu. Wagogo walikuwa na mashamba yao, malisho ya ng'ombe wao na tembe zao, nyumba za udongo zenye mapaa bapa. Mwaka 1971 watu wengi wa mkoa huo walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa kwa Operesheni Dodoma. Kisha mji mkuu nao ukahitaji ardhi. Ardhi ya makao makuu iliwekwa chini ya Mamlaka, na wananchi wakapewa hati za kupanga za miaka 33. Malalamiko juu ya viwanja na fidia yaliendelea kwa miaka mingi, hata Serikali ilipoivunja Mamlaka hiyo mwezi Mei 2017. Hapo ndipo kasoro kubwa ilipoonekana: mji uliochorwa kwa sura ya kijiji uliwanyima wanakijiji neno la mwisho juu ya ardhi yao.

Upungufu wa fedha pia ulichelewesha kazi, hasa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996, na Serikali ikaanza kuhamia kwa wingi baada ya 2016. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 wakazi waliongezeka kutoka 410,956 hadi 765,179. Wengi wao walijijengea wenyewe, na wengine katika maeneo ambayo hayakuwa yamepimwa.

Tusiseme basi kwamba wazo lenyewe lilikuwa bure. Shule iliyo karibu, njia salama ya waendao kwa miguu na kivuli cha mti ni mahitaji ya kila mtaa hata leo. Lakini mstari wa mchoraji hauwezi peke yake kufanya kijiji. Kijiji hufanywa na watu wanaofahamiana, wanaofanya kazi pamoja, na wenye sauti juu ya ardhi wanayoikalia. Wanafunzi wetu wanaweza kuanza kwa kuchora ramani ya mtaa wao, waonyeshe shule, soko na maji viko wapi, kisha wawaulize wazee ni nani aliyeamua viwe pale.