Bandari Zilizoiandika Moshi

Anayetaka kuandika historia ya Moshi hulazimika kuanzia pwani. Johannes Rebmann, Mzungu wa kwanza kuiona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, alitokea Rabai, nje kidogo ya Mombasa, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara ambaye mlima ule haukuwa mgeni kwake. Taarifa ikashuka kwa njia ileile hadi bandarini na kuvuka bahari. Huko Uingereza mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuukanyaga mlima huo, akaikanusha theluji kwa ukaidi wa ajabu. Karatasi za chama cha wamisionari kilichomtuma Rebmann leo ziko Birmingham; za misheni ya Leipzig, iliyoingia Uchaggani mwaka 1893, zinatunzwa Halle, Ujerumani. Sioni bahati mbaya hapa. Maandishi ya mlimani yalifuata njia ya mizigo, na yaliyosalia yamebeba macho ya waliokuwa wakisafirisha.

Mji wenyewe ni ushahidi. Mangi Rindi na mwanawe Meli walitawala kutoka Old Moshi, mlimani. Moshi ya leo ilikua huku chini kwa sababu reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, ilifika hapa 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaunganisha reli nyingine kutoka Voi, kwenye njia ya Mombasa. Tangu hapo kahawa ya Wachagga, ambayo chama chao cha ushirika, KNCU, kilianza kuikusanya mwaka 1933, ilikuwa na milango miwili ya kutokea baharini. Mtafiti wa ushindani wa Tanga na Mombasa asiyefika kwenye maghala ya Moshi anaona nusu ya habari. Si mizigo ya biashara tu iliyoshuka: Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, ambako ukoo wake umekitafuta kwa miongo.

Watakuwepo wa kusema kwamba historia ya Wachagga imo vinywani mwa wazee. Imo, lakini mafundisho ya wazee haohao mmisionari wa Leipzig, Bruno Gutmann, aliyaandika akiwa Old Moshi, akayachapisha kwa Kijerumani kati ya 1932 na 1938, majuzuu matatu ambayo wajukuu wachache sana wa wasimulizi wanaweza kuyasoma. Wengine watajibu kuwa picha na barua siku hizi zinapatikana mtandaoni. Zinasaidia, sikatai, ila barua yenye mwandiko wa Kijerumani cha kale haisomeki zaidi kwa kuwa imeingia kwenye simu. Inahitaji mtu wa kuifasiri na kuilinganisha na wanayoyajua watu wa Kidia, huko Old Moshi.

Wala mlima haukukosa waandishi. Petro Itosi Marealle alichapisha *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera* mwaka 1947, kwa Kiswahili, na miaka ya 1950 Wachagga walikuwa na gazeti lao, *Komkya*. Moshi ina chuo kikuu cha ushirika ambacho mizizi yake ni ya 1963, rafu hazikosekani. Ziwekwe humo kwanza kazi hizi za Wachagga, kisha nakala za Halle na Birmingham zilizofasiriwa, ili msomaji akutane na Mchagga kabla ya kumpima mmisionari.